Kijerumani cha Karatasi, Kiarabu cha Jikoni: Hesabu ya Msafiri wa Handeni na Korogwe

Anayetoka Handeni au Korogwe kwenda kukaa nchi ya watu miaka miwili au zaidi anahitaji lugha kwa kazi mbili, na kazi hizo ni vizuri azitenganishe kabla hajatoa hata shilingi. Kuna lugha ya kupitia mlangoni, ile inayodaiwa na ofisi ya viza. Halafu kuna lugha ya kuishi nayo ukishafika. Ujerumani wanaitaka ile ya kwanza kwa karatasi yenye muhuri. Oman hakuna anayemuuliza mfanyakazi wa ndani neno moja la Kiarabu kabla hajapanda ndege. Matokeo yake, kijana wa Manundu, Korogwe, anayeota Ujerumani huuza mbuzi na pikipiki kulipia Kijerumani kingi kuliko anachodaiwa, na binti wa Chanika, Handeni, anayekwenda Muscat haweki hata elfu kumi kwenye Kiarabu. Wote wawili wanapunjika, kila mmoja kwa upande wake.

Kabla ya ada yoyote, uliza nani analipia lugha. Swali hili watu wengi hulikumbuka wakiwa wameshalipa. Wanafunzi wanaokwenda Uturuki kwa ufadhili wa serikali ya nchi hiyo hupewa mwaka mzima wa Kituruki kabla ya kuanza masomo yenyewe. China nao, kwa shahada zinazofundishwa kwa Kichina, huanza na mwaka wa maandalizi. Cuba vilevile: mgeni anayekwenda kusomea udaktari asiyejua Kihispania huanzia darasa la lugha. Kwa hiyo mtu mwenye barua ya ufadhili ya Havana mkononi hana sababu ya kutumia akiba ya familia kwenye kozi ya Kihispania Dar es Salaam. Ajifunze kusalimia, kuhesabu, kuuliza njia na kueleza kinachomuuma, yaani mwezi mmoja wa simu na daftari, kisha pesa iliyobaki anunue sanduku. Wenyeji watamfundisha bure kile ambacho hapa angekilipia.

Wilaya ya Handeni ina mfano wa zamani zaidi wa jambo hili. Pale Chogo wanaishi Wazigua waliotoka Somalia. Wazee wao walichukuliwa kutoka nchi hii karne ya 19, wengine wakisukumwa na njaa, wakafikishwa bonde la mto Juba, na Kizigula chao hawakukiacha. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, baadhi walirudi Tanzania, wakapokewa kambi ya Mkuyu na baadaye Chogo, na lugha ya kuzungumza na jirani walikuwa nayo tayari, imetunzwa zaidi ya miaka mia. Ndugu zao waliobaki kambini Kenya, Marekani iliwachukua kwa maelfu kuanzia mwaka 2003, na kabla ya kuondoka walipewa mafunzo ya kuwaandaa. Waliopewa hawakulipa. Wewe unayekwenda kwa mguu wako ndiwe unayepaswa kupiga hesabu.

Tuanze na Oman, maana ndiko binti wa wilaya hizi anakoitwa haraka zaidi, na ndiko maandalizi yanakodharauliwa zaidi.

Wakala atakuambia usihangaike, huko wanaongea Kiswahili. Kuna ukweli ndani yake. Familia nyingi za Kiomani ziliondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengi zaidi walirejea Oman baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita watu wake. Mpaka leo Muscat utakuta bibi anayeagiza ndizi mbichi kwa Kiswahili kizuri kuliko chako. Ila mkataba haukuandikii kwamba utapelekwa kwa bibi huyo. Unaweza kupelekwa mji wa ndani, kwenye nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuiona Zanzibar hata kwenye picha. Na hata ukibahatika kumpata bibi, daktari, polisi na dereva hawatakuwa yeye.

Wakala wa pili, au jirani, atakuambia ulisoma madrasa, unajua kusoma Kiarabu, huna shida. Hili nalo lina nusu yake. Kuzijua herufi ni mtaji mkubwa, maana utasoma kibao cha duka, jina la dawa na jina lako kwenye mkataba. Lakini aliyehitimu juzuu thelathini anaweza kusimama jikoni asielewe anaambiwa alete sahani gani. Kiarabu cha msahafu na kile cha jikoni Muscat ni vitu viwili, na anayekuagiza haongei kwa irabu kamili.

Mzungumzaji wa Kiswahili hata hivyo anaanzia mbele. Chuo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kinachofundisha wanadiplomasia wao, kinakadiria wiki 30 hivi kwa Kihispania, 36 kwa Kiswahili na 88 kwa Kiarabu. Hesabu hiyo ni ya Mmarekani, isikutishe. Wewe sita, saba, tisa, ishirini mpaka tisini, mia na elfu unazo tayari, zinabaki namba saba tu za kujifunza chini ya kumi na moja. Sabuni, sukari, kahawa na chai utaelewana navyo tangu siku ya kwanza.

Hatari iko pale unapodhani umeelewa. Tajiri akikuambia mtoto achukuliwe saa sitta, kwake ni saa kumi na mbili jioni, maana Waarabu hawahesabu saa kutoka mawio kama sisi. Siku nazo hivyohivyo. Wiki yao inaanza kuhesabiwa Jumapili na yetu Jumamosi, kwa hiyo siku yao ya tatu ni Jumanne, siyo Jumatatu. Alhamisi na Ijumaa tu ndizo zinazokutana. Mtu anaweza kufukuzwa kazi kwa kumpeleka mgonjwa hospitali siku moja kabla, au kwa kumfuata mtoto saa sita nzima kabla ya wakati, na asijue kosa lake lilikuwa nini.

Kwa hiyo kiasi gani kinatosha? Kwa maoni yangu, wiki nane za kuongea, bila kitabu cha sarufi, ukiwa na mwanamke aliyewahi kufanya kazi huko. Handeni na Korogwe hawakosekani. Usimwombe akufundishe Kiarabu, mwombe acheze tajiri. Yeye asimame mlangoni aseme jibi, hutti, shili, ghasli, yaani lete, weka, ondoa, osha, na wewe ufanye, huku akibadilisha kitu na sauti na haraka. Siku ya kwanza polepole. Wiki ya tatu aseme mambo mawili kwa mpigo, akiwa chumba kingine, televisheni ikiwa juu, kwa sababu ndivyo utakavyoagizwa. Kisha mgeuze kibao, wewe ndiye unayesema. Ma fhamt, sijaelewa. Marra thanya, rudia tena. Ana marida, naumwa. Abgha ratibi, nataka mshahara wangu. Abgha jawazi, nataka pasipoti yangu. Sentensi hizi tano zitoke mdomoni bila kutetemeka, hata ukiamshwa usiku. Na namba ya dharura ya polisi wa Oman, 9999, ikae kichwani, isikae kwenye simu tu.

Simaanishi kwamba lugha ni ngao. Ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017 kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania nchini Oman na Falme za Kiarabu ilieleza pasipoti zilizoshikiliwa, mishahara isiyolipwa na saa za kazi zisizo na mwisho, na hayo hayakuwapata wasiojua Kiarabu peke yao. Mkataba uliopitia ofisi ya serikali ya huduma za ajira na ubalozi unaojua ulipo vina uzito kuliko maneno mia tano. Ila anayeweza kumwambia muuguzi au polisi neno moja lenye maana yuko mbali sana na anayelia tu.

Bei yake? Tuseme mwalimu huyo wa jirani unampa Sh 5,000 kwa kipindi, vipindi vitatu kwa juma, wiki nane. Ni Sh 120,000. Sasa chukua mfano wa mshahara wa rial 80. Rial ya Oman imefungwa kwenye dola, rial moja ni kama dola 2.60, kwa hiyo ni dola 208, na dola ikiwa Sh 2,500 unapata Sh 520,000. Maandalizi yote hayajafika robo ya mshahara wa mwezi mmoja, katika mkataba wa miezi 24. Sijaona matumizi mengine ya safari hiyo yenye faida kama haya, na bado ndiyo ya kwanza kukatwa. Zaidi ya wiki nane sishauri. Ukishafika utasikia lugha saa 14 kwa siku, na sarufi ya darasani haitashindana na hilo.

Ujerumani hesabu inageuka kabisa.

Kwanza jua mlango unaopitia, kwa sababu kila mlango una kiwango chake, na mwenye chuo cha lugha hana haraka ya kukuambia kwamba unachohitaji ni kidogo. Anayekwenda kulea watoto kwa familia, au pair, akiwa hajafikisha miaka 27, anadaiwa A1, ngazi ya chini kabisa ya lugha, inayofuatwa na A2, B1 na B2. Kadi ya fursa iliyoanza Juni 2024, ile ya kwenda kutafuta kazi ukiwa na taaluma, inakubali A1 ya Kijerumani au B2 ya Kiingereza, pamoja na masharti mengine ya elimu na fedha. Mafunzo ya kazi ya miaka mitatu, yale wanayoyaita Ausbildung, kwa kawaida yanataka B1. Muuguzi mwenye stashahada anayetaka kutambuliwa kama muuguzi kamili hana budi kufika B2. Anayekwenda chuo kikuu kwa shahada inayofundishwa kwa Kiingereza anaweza asidaiwe Kijerumani kabisa, ila atadaiwa akaunti iliyofungwa yenye euro 11,904 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa Septemba 2024. Hapo tatizo lako si lugha tena.

Goethe-Institut, ambayo Dar es Salaam iko Upanga, barabara ya Alykhan, hupima kozi kwa vipindi vya dakika 45. A1 inahitaji vipindi kati ya 80 na 200, B1 kati ya 350 na 650, B2 kati ya 600 na 800, vyote vikihesabiwa tangu sifuri. Geuza namba hizo ziwe maisha yako. B1 kwa mtu wa kawaida asiye na lugha nyingine ya Ulaya kichwani zaidi ya Kiingereza cha sekondari, weka vipindi 650, ni saa 487 na nusu. Ukisoma saa moja na nusu kila siku, siku tano kwa juma, ni wiki 65. Mwaka na robo. Anayekuahidi B1 kwa miezi mitatu anauza kitu kingine.

Sasa, kosa linalokula pesa nyingi ni kuhamia Dar kuanzia herufi ya kwanza. Tuseme chumba kimoja pembezoni mwa jiji ni Sh 70,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita papo hapo, Sh 420,000. Chakula cha kubana, Sh 6,000 kwa siku, ni 180,000 kwa mwezi. Daladala kwenda na kurudi Upanga siku za darasa, weka 40,000. Kwa miezi sita umekula Sh 1,740,000 kabla hujagusa ada ya kozi wala ya mtihani. Na miezi hiyo sita ya mwanzo unafundishwa kusema jina lako, umri wako na unapoishi, mambo ambayo Korogwe unaweza kuyajua ukiwa umekaa kwenu, unakula ugali wa nyumbani na shamba halijalala.

Njia hiyo ya nyumbani ipo, na ni ya halali kabisa. Deutsche Welle, walewale tunaowasikia kwa Kiswahili redioni, wana kozi ya video ya bure inayomfuata kijana aitwaye Nico kutoka A1 mpaka B1. Vyuo vya watu wazima vya Ujerumani navyo vina tovuti ya mazoezi isiyotozwa. Gharama yako ni bando. Weka Sh 30,000 kwa mwezi, miezi sita ni 180,000, karibu moja ya kumi ya ile ya Dar. Udhaifu wake unajulikana. Hakuna anayekusahihisha matamshi, hakuna anayekukemea ukilala, na mtandao wa vijiji vya ndani Handeni una tabia zake. Wengi huacha njiani. Ndiyo maana nashauri watu wawili au watatu waanze pamoja, mmoja awe na simu nzuri, wakutane jioni mahali penye umeme, na wapeane zamu ya kuuliza.

Kuuliza ndiko mtihani wenyewe unakolala. Kwenye A1 unakaa na watahiniwa wengine, unajitambulisha kwa kufuata maneno ya karatasini: jina, umri, nchi, makazi, lugha, kazi, unachopenda. Unatakiwa kutaja jina lako herufi kwa herufi na kutamka namba ya simu. Halafu mnachukua kadi na kuulizana. Upande wa kuandika unajaza fomu na kutunga ujumbe wa maneno kama 30. Alama 60 kati ya 100 unapita. Mtu aliyezoea kusoma kimyakimya kwenye simu hukwama hapo pa herufi, maana I ya Kijerumani inatajwa kama E ya Kiingereza, na hilo linachanganya. Kwenye B1 mnakaa wawili mnapanga jambo pamoja, kama vile kumtembelea mwenzenu hospitalini, mnakubaliana na kukataliana. Hilo huwezi kulikariri.

Kwa hiyo mpangilio ninaoupendekeza ni huu: A1 na A2 nyumbani, kisha Dar kwa kipande cha B1 peke yake, miezi michache ya darasa zito, ukiwa tayari unaelewa mwalimu anachosema. Utalipia ngazi moja badala ya tatu, na kodi ya miezi sita itatumika kwa kitu kinachostahili. Kabla ya kujiandikisha fanya mtihani wa kukupima kiwango, maana ukiingizwa darasa la chini umelipa kusikia unayoyajua.

Jambo moja ambalo watahiniwa wa mikoani wengi hawaambiwi: mitihani ya B1 na B2 ya Goethe imegawanywa moduli nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea. Kila moja inataka asilimia 60, na kila moja inaweza kufanywa peke yake. Ukifeli kusikiliza, unarudia kusikiliza. Hakuna sababu ya kulipa mtihani mzima tena, wala ya kukata tamaa ukarudi Mkata na kusema Kijerumani hakiwezekani. Kwa mtu anayepanda basi kilomita kama 300 kila anapofanya mtihani, kujua hili mapema kunaokoa nauli, malazi na heshima mbele ya mjomba aliyechangia.

Muuguzi wa hospitali ya Magunga anayelenga B2 yuko kwenye hesabu tofauti kidogo. Yeye ana mshahara, kwa hiyo kila mwezi wa kukaa Dar bila kazi ni hasara mbili. Kwake naona ni bora asome mpaka B1 huku akiwa kazini, hata kama itachukua miaka miwili, na atafute mwajiri wa Ujerumani anayegharimia B2, iwe hapa au kule. Waajiri wa namna hiyo wapo, kwa sababu hospitali na nyumba zao za wazee zina uhaba wa watu. Na ajue kwamba B2 ya karatasi haitamfanya amwelewe mzee wa Bavaria siku ya kwanza. Wazee wale hawaongei kama Nico. Miezi ya mwanzo itakuwa ya kuitikia na kukisia, na hilo hakuna kozi ya Upanga inayoliondoa, basi asiongeze kozi kwa hofu hiyo.

Kwa kijana wa Ausbildung kuna ubishi. Baadhi ya walimu wanasema asiondoke na B1 tupu, afike B2 kwanza, kwa sababu shule ya ufundi kule inafundisha kwa Kijerumani tangu wiki ya kwanza na wenye B1 dhaifu huanguka. Nawaelewa. Lakini mwanafunzi wa Ausbildung ya uuguzi analipwa zaidi ya euro 1,000 kwa mwezi huku akisoma. Miezi sita ya B2 akiwa kule, mfukoni ana mshahara. Miezi sita ya B2 akiwa Mbagala, mfukoni ana deni. Ningemwambia aende na B1 yenye alama nzuri, hasa za kusikiliza na kuongea, na asiende na ile ya asilimia 60 iliyopatikana kwa bahati mara ya tatu.

Mawakala sasa wanauza vifurushi: lugha, mtihani, viza na tiketi kwa bei moja, mara nyingi wakipita mjini na kukodi ukumbi wa mkutano. Havifanani vyote, na vingine ni vya haki. Mbele ya meza ya wakala omba vitu vinne kwa maandishi: kiwango utakachofikishwa, idadi ya vipindi, jina la taasisi itakayotoa mtihani, na nani atalipia moduli utakayofeli. Cheti kitolewe na taasisi ambayo ubalozi wa Ujerumani unaitambua. Cha kutengenezwa mtaani kinamaliza safari yako na pengine na zile zitakazofuata. Uliza pia cheti kisizidi umri gani siku ya kuomba viza, ili usifanye A1 leo kwa safari ya mwaka kesho kutwa. Kwa anayekwenda Oman swali ni moja tu, kama kifurushi kina hata wiki mbili za Kiarabu cha kuongea. Wakikujibu kwamba huko wanaongea Kiswahili, tenga ile Sh 120,000 na umtafute jirani kabla tarehe ya ndege haijapangwa.